Trela ya Kubebea Mkweche: Jinsi ya Kuichagua, Kuisajili na Kuitunza

Maswali kuhusu trela hayabadiliki. Probox yangu itavuta Toyota DX iliyokufa injini? Fundi wa mtaani akinichomelea trela, itapata namba? Breki za trela ni za nini, ilhali gari linalovuta lina breki zake? Wengi wanaouliza wako Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret, na mara nyingi mkweche wenyewe umeshalipiwa. Uko shambani Molo au Ahero, umewekwa juu ya matofali, na mwenye shamba anataka uondoke kabla hajalima. Basi nimeyaweka majibu hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Shika hili tangu mwanzo: trela huchaguliwa kwa uzito na breki. Rangi, bati la maua na rimu za kung'aa ni mambo ya baadaye. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Timboroa inapita mita 2,700, na Kisumu iko kama mita 1,130. Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi utapanda, kisha utashuka, na kwenye mteremko uzito ulio nyuma yako ndio unaoamua utafika vipi. Kipande cha kutoka Sachangwan hadi Salgaa kimemaliza watu wengi kwa mambo mawili yale yale, mzigo mzito na breki zilizoshika moto.

Kwanza, unahitaji trela yako mwenyewe?

Kama una gari moja tu la kuleta nyumbani, kodi breakdown ya flatbed, lile lori la kubebea magari mabovu, umalize kazi. Trela inafaa mtu mwenye gereji, mtu anayenunua mikweche mara kwa mara, au marafiki watatu wanne wanaochanga na kuitumia kwa zamu. Fikiria pia itakapolala. Trela yenye kitanda cha mita 4.5, ukiongeza mkono wake wa mbele unaoshikana na gari, inakaribia mita 6, na haipiti kwenye kila lango. Ikilala nje ya ploti bila kufuli ya maana, tairi zake zitakuwa za kwanza kuondoka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu cha gari litakalovuta, au kibao cha mtengenezaji kinachoonyesha uzito linaloruhusiwa kuvuta
- Baa ya kuvutia iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Iliyochomelewa kwenye bampa haifai
- Mikanda minne ya racheti yenye upana wa mm 50, na lebo ya uzito inayosomeka
- Minyororo miwili ya usalama na shakeli zake
- Winchi, ya mkono au ya umeme
- Kabari nne za mbao ngumu
- Jeki inayoinua trela ikiwa na mzigo, spana ya nati za trela, na tairi la akiba la trela yenyewe
- Geji ya upepo, grisi ya beringi, taa ya kupimia umeme
- Pembetatu mbili za tahadhari
- Glavu nene

Tairi la akiba wengi hulisahau. Rimu ya pikapu haikai kwenye habu ya trela, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu, ila matundu yakilingana, na ukipata pancha Londiani saa mbili usiku hutapata wa kukuazima.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito kabla ya kutazama trela yoyote

Chukua uzito wa gari utakalobeba, ongeza uzito wa trela tupu, ongeza vipuri utakavyotupia ndani. Hiyo ndiyo namba yako. Kwa kukadiria: Beetle ni kama kilo 800, Toyota DX ni kama 900, Peugeot 504 ya saluni ni kama 1,200, Land Rover ya zamani fupi ni kama 1,400 na ndefu inakaribia 1,700. Land Cruiser ya mtindo wa 80 inapita tani mbili. Trela ya ekseli mbili ya kubeba gari, yenyewe tupu, huwa kati ya kilo 600 na 900.

Tuseme unafuata 504. Hilo ni gari ambalo watu wa huku hawalichoki, na lina haki yake: lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Gari kilo 1,200, trela 750, na mwenye kuuza amekupa injini ya pili na giaboksi, kilo 200 hivi. Jumla ni 2,150. Probox yenyewe ina uzito wa kama kilo 1,100. Hapo kitu kinachovutwa ni karibu mara mbili ya kinachovuta, na swali la Probox limejijibu.

Usiamini kadirio kwa mkweche uliofungwa vyuma vya ziada. Pitia kwenye mizani. Maghala makubwa ya nafaka na viwanda vya kusaga huwa na mizani ya malori, na ukiomba vizuri utapimwa kwa ada ndogo. Pima trela tupu mara moja, andika uzito wake kwa rangi kwenye mkono wa trela, na hutauliza tena.

Hatua ya 2: Soma uwezo wa gari linalovuta

Kitabu cha gari kina namba mbili: uzito wa trela isiyo na breki na uzito wa trela yenye breki. Kwa pikapu nyingi za tani moja, kama Hilux na D-Max, ya kwanza huwa kilo 750 na ya pili iko kati ya 2,500 na 3,500 kutegemea injini na mwaka. Angalia ya gari lako hasa. La jirani linaweza kufanana na lako kwa nje na kutofautiana chini.

*Onyo:* injini kuwa na nguvu hakumaanishi gari linaweza kuvuta. Nguvu inakupandisha. Kinachokushusha salama ni uzito wa gari lako, urefu wake kati ya ekseli na ubora wa breki zake. Prado fupi yenye injini kubwa inaweza kuyumbishwa na trela ambayo pikapu ndefu inaivuta kwa utulivu.

Hatua ya 3: Chagua umbo la trela

Kwa gari zima chukua ekseli mbili. Ekseli moja inatosha kwa Beetle au kwa chesisi tupu, lakini tairi likipasuka huna cha kukushikilia. Kitanda kiwe na urefu wa mita 4.5 hadi 5 na upana wa ndani wa karibu mita 2. Napendelea kitanda chenye njia mbili za magurudumu na katikati wazi. Kinapunguza uzito, na unaweza kuingiza mkono kufunga mikanda bila kulala chini ya gari.

Rampu ziwe ndefu, angalau mita 1.8. Rampu fupi ni mwinuko mkali, na gari la chini kama DX litakwaruza tumbo. Zikiwa za kuvuta kutoka chini ya kitanda, ziwe na pini ya kuzizuia zisitoke safarini.

Springi za majani ndizo ninazoshauri kwa huku. Zile ekseli za mpira ni laini na tulivu kwenye lami nzuri, ila zikichoka unabadilisha ekseli nzima. Jani la springi likikatika Kapsabet, utapata fundi wa kukutengenezea kabla ya chai ya saa kumi.

Sasa kuhusu fundi wa jua kali. Huku magharibi tuna mafundi hodari sana wa kuchomelea, hasa ukanda wa miwa kuanzia Chemelil hadi Mumias. Lakini wengi wamezoea trela za trekta. Trela ya trekta ni nzito, haina springi, mara nyingi haina breki, na imetengenezwa kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Ukimwambia tu "nitengenezee trela", utapata hiyo kwa umbo dogo. Mpelekee mchoro, mpe uzito wa jumla, mwambie aina ya ekseli na breki, na umweleze kwamba itaenda barabara kuu.

Hatua ya 4: Kagua chini kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea, kwa hiyo usiharakishwe. Nenda asubuhi, valia ovaroli, lala chini.

*Mkono wa trela.* Anza pale mkono unapoungana na fremu. Sugua rangi kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Mchomeleo mzuri umelala sawa, mawimbi yake yanafuatana, na kingo zake zimeyeyuka pamoja na chuma cha pande zote mbili. Mbaya umesimama juu ya chuma kwa matone matone, au una vitundu vidogo. Kama kuna ufa, utauona kama mstari mwembamba wa kutu unaotoka pembeni mwa mchomeleo. Ukiona mstari huo, achana na trela hiyo. Ukiona rangi mpya sehemu hiyo tu na kwingineko ya zamani, uliza kwa nini.

*Breki.* Katika nchi nyingi trela ikizidi kilo 750 kwa jumla lazima iwe na breki zake, na milima yetu inataka hivyo hivyo hata kabla ya sheria kusema. Aina inayopatikana sana ni breki za kusukumwa: gari la mbele likipunguza mwendo, trela inalisukuma, mkono wa trela unaingia ndani kidogo, na mwendo huo unavuta waya au kusukuma mafuta hadi kwenye habu. Zijaribu hivi. Weka trela kwenye kabari, sukuma kwa nguvu kikombe cha mbele, kile kinachoshikana na gari, kirudi polepole kama kinachokataa. Kikiingia na kutoka kwa ulegevu, damba, ile shokomzoba ya mkono wa trela, imekufa. Kisha inua gurudumu moja moja, lizungushe, mwenzako avute handbreki. Yote yasimame. Uliza pia kuhusu breki za umeme ukipata trela iliyoagizwa nje. Ni nzuri sana, ila gari linalovuta lazima lifungiwe kidhibiti chake.

*Waya wa kukatika.* Trela yenye breki iwe na waya mwembamba wa chuma unaofungwa kwenye gari. Trela ikichomoka, waya unavuta handbreki kisha unakatika. Bila huo, unaachilia kilo 2,000 barabarani peke yake.

*Beringi.* Ukiwa umeinua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise. Mchezo kidogo sana unaruhusiwa, kugonga hapana. Lizungushe ukiwa umeweka kiganja kwenye springi: beringi iliyoanza kuchakaa utaihisi mkononi ikikwaruza kabla hujaisikia kwa sikio. Ondoa kifuniko cha habu, chovya kidole kwenye grisi, isugue kati ya vidole viwili. Grisi safi inateleza. Ya rangi ya maziwa imeingia maji. Ikiwa na chembe zinazong'aa, chuma kimeanza kulika. Na umuulize muuzaji beringi hizo ni za gari gani. Jibu unalolitaka ni la gari ambalo vipuri vyake vipo kila duka, Hilux au Hiace.

*Tairi.* Tairi za gari dogo hazifai. Tafuta zenye herufi C baada ya saizi. Kwa mfano, 185R14C huwa na namba ya mzigo 102, maana yake kilo 850 kwa tairi, kwa hiyo nne zinabeba 3,400. Kisha tafuta tarakimu nne za tarehe pembeni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huzeeka zikiwa zimesimama juani. Uzi unaweza kuonekana mpya kabisa na mpira ukawa umekauka. Ikipita miaka sita, hesabu bei ya tairi mpya kwenye mazungumzo.

Hatua ya 5: Karatasi

Kenya trela ni chombo kinachosajiliwa peke yake, na namba zake huanza na herufi Z. Ukinunua iliyotumika, dai logibuku na ufanye uhamisho kupitia akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Usikubali maneno ya "nitakutumia baadaye". Ukitengenezewa mpya, zungumza na NTSA kuhusu ukaguzi na usajili kabla fundi hajakata chuma cha kwanza, kwa sababu kurekebisha trela iliyokamilika ni gharama mara mbili.

Leseni nayo ina madaraja. Magari mepesi yako B, malori mazito yenye trela yako CE. Pikapu inayovuta tani mbili iko katikati, kwa hiyo peleka namba zako za uzito NTSA upate jibu kabla ya kununua. Fanya hivyo hivyo kwa bima: mwambie wakala akuandikie kama bima ya pikapu inagusa trela, na kama mzigo ulio juu umo.

Mkweche nao una karatasi zake. Kabla ya kuupakia, fanya upekuzi wa rekodi za gari kwenye eCitizen, linganisha jina la mwenye gari na kitambulisho cha anayekuuzia, na linganisha namba ya chesisi kwa macho yako. Safiri na mkataba wa mauzo uliotiwa sahihi. Polisi akiona gari lisilo na namba juu ya trela atakusimamisha, na ana haki ya kuuliza.

Jambo la mwisho hapa ni mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa mizigo inagusa magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu na trela yenye mzigo hupita hapo kwa urahisi, kwa hiyo ukifika mizani ya Gilgil au Webuye fuata alama za kuingia.

Hatua ya 6: Unganisha trela na gari

Kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya gari nitakiita kirungu, na kinachokaa juu yake kikombe. Vipo virungu vya mm 50 na vya inchi 2, yaani mm 50.8. Jicho halioni tofauti, lakini kikombe cha inchi 2 juu ya kirungu cha mm 50 kinaweza kuruka kwenye matuta. Soma namba zilizopigwa kwenye vyote viwili.

Ukishafunga, inua mkono wa trela kwa gurudumu lake dogo la mbele mpaka nyuma ya gari ianze kupanda kidogo. Kikombe kikibaki, kimeshika. Kikichomoka, umegundua ukiwa umesimama. Pitisha minyororo miwili kwa kupishana chini ya mkono wa trela, iwe mirefu ya kutosha kwa kona lakini isiburute lami. Waya wa kukatika ufungwe peke yake, kando na minyororo.

Kitanda cha trela kikae mlalo. Pua, yaani ncha ya mbele ya trela, ikielekea juu, ekseli ya nyuma inabeba peke yake.

Hatua ya 7: Taa

Plagi ya kawaida ya pini saba kwa umeme wa volti 12 inafungwa hivi:

- 1, njano: indiketa ya kushoto
- 2, buluu: taa ya ukungu
- 3, nyeupe: ardhi, yaani waya wa kurudisha umeme
- 4, kijani: indiketa ya kulia
- 5, kahawia: taa ya nyuma kulia
- 6, nyekundu: breki
- 7, nyeusi: taa ya nyuma kushoto

Rangi zinaweza kuwa zimevurugwa na fundi aliyepita, kwa hiyo fuata namba zilizoandikwa ndani ya plagi. Waya mweupe usiishie kwenye fremu yenye kutu. Upeleke mpaka kwenye kila taa.

Hatua ya 8: Pakia

Tafuta mahali tambarare na pagumu. Gari na trela viwe vimenyooka, handbreki imevutwa, kabari zimewekwa. Kabla ya kitu chochote kupanda, shusha miguu ya nyuma ya trela. *Usiruke hili.* Gari likipanda rampu, uzito wote uko nyuma ya ekseli, na trela isiyo na miguu itanyanyua sehemu ya nyuma ya pikapu yako. Magurudumu ya nyuma yakipoteza ardhi, handbreki ya pikapu haishiki tena.

Mkweche usio na breki hausukumwi na watu. Vijana wa mtaani watajitolea, wako sita na wana nguvu, na gari likirudi nyuma hakuna hata mmoja wao atakayelizuia. Tumia winchi. Iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari, kwa sababu tairi zisizo na upepo na beringi zilizoganda huongeza ugumu. Kama winchi ni ndogo, puli moja itagawanya mzigo mara mbili. Tandika koti zito au gunia juu ya waya wa winchi, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka. Hakuna mtu kusimama nyuma ya gari, wala kando ya waya uliokazwa. Hakikisha ufunguo wa usukani umefunguliwa.

Jaza tairi za mkweche upepo hata kama zimepasukapasuka, zitatosha kwa dakika ishirini.

Hatua ya 9: Pima uzito wa pua

Trela inataka pua nzito kidogo. Lenga asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa jumla ikae kwenye kirungu, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye baa ya kuvutia. Kwa jumla ya kilo 2,000, ni kati ya 140 na 200.

Huna haja ya kifaa maalum. Chukua ubao mgumu, mzani wa bafuni na tofali. Upande mmoja wa ubao ukae juu ya tofali, mwingine juu ya mzani, na umbali kati ya vituo hivyo uwe sm 90. Rudisha mzani kwenye sifuri. Ukiwa umechomoa trela kutoka kwenye gari na kuweka kabari, simamisha kipande cha mti chini ya kikombe, kitue kwenye ubao sm 30 kutoka kwenye tofali, kisha shusha gurudumu dogo mpaka mti ubebe uzito. Namba ya mzani izidishe kwa tatu. Mzani ukisoma 55, pua ina kilo 165.

Ni nyepesi? Sogeza gari mbele sm 10 upime tena. Magari yenye injini mbele huingia yakitangulia kwa uso. Beetle injini yake iko nyuma, kwa hiyo mara nyingi utaipakia kinyumenyume. Gari lisilo na injini ndilo linalowadanganya wengi, kwa kuwa uzito wake wote umebaki nyuma. Ukipata pua sawa, piga alama ya rangi kwenye kitanda kwa aina hiyo ya gari.

Hatua ya 10: Funga

Mikanda minne: miwili ivute mbele, miwili ivute nyuma, ikipishana kidogo. Ipitishe kwenye magurudumu au kwenye ekseli, ili springi za mkweche ziendelee kucheza. Ukifunga kwenye bodi, gari likishuka kwenye shimo mkanda unalegea na ndoano inatoka. Usipitishe mkanda kwenye ukingo mkali wa chuma. Nyuzi za pembeni zikikatika, tupa mkanda mzima. Weka gia, vuta handbreki ya mkweche kama ipo, funga boneti kwa kamba hata kama kitasa kinashika, ondoa matofali na vipande vya bati vilivyobaki ndani.

Hatua ya 11: Barabarani

Simama baada ya kilomita 15 hivi, kaza mikanda. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati za magurudumu, hasa kama yalitolewa karibuni. Kila ukisimama, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila habu. Zote ziwe na joto linalofanana.

Enda kama kilomita 60 kwa saa, na acha nafasi mara mbili ya kawaida. Kwenye mteremko badilisha gia *kabla* ya kuanza kushuka: gia ambayo ungepandia kilima hicho ndiyo ya kukishukia. Kutoka Mau Summit kuja Nakuru, kutoka Kericho kwenda Awasi, kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil, injini ndiyo breki yako ya kwanza. Kanyaga breki kwa nguvu kiasi, achia, zipumue, kanyaga tena. Ukisikia harufu ya breki, toka barabarani palipo salama usubiri zipoe. Usizimwagie maji.

Kupitia Fort Ternan na Muhoroni ni kufupi kwenye ramani. Kwa trela yenye mzigo pita Kericho.

Ukirudi nyuma, shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kushoto, trela inaenda kushoto. Endelea polepole, ukipotea songa mbele unyooke, anza upya.

Hatua ya 12: Utunzaji

Beringi zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa grisi angalau mara moja kwa mwaka, na kila mara trela ikipita kwenye maji yanayofika habu. Watu wa Ahero na Nyando wananielewa wakati wa mvua. Kirungu na kikombe vipakwe grisi kidogo. Trela ikikaa, achia handbreki na utumie kabari, kwani pedi hushikamana na ngoma. Inua uzito utoke kwenye tairi, na zifunike zisipigwe na jua.

Ikileta shida

*Trela inayumba kushoto na kulia.* Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kufuata myumbo. Ikitulia, simama. Karibu kila mara ni pua nyepesi. Baadaye angalia upepo wa tairi na mwendo wako.

*Habu moja ina moto kuliko zingine.* Breki imeshika au beringi inakufa. Inua gurudumu, lizungushe. Likiwa zito bila kukwaruza, legeza breki. Likikwaruza, usiendelee na safari, hata kama umebakiza kilomita kumi.

*Ukikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka hafifu.* Ardhi imekatika. Safisha pini namba 3 na mwisho wa waya mweupe kabla ya kununua taa mpya.

*Trela inaligonga gari kila ukipunguza mwendo.* Breki za trela zinahitaji kukazwa, au damba ya mkono wa mbele imekwisha.

*Inakataa kurudi nyuma, hasa kwenye kilima.* Breki za kusukumwa zinadhani unasimama. Mifumo ya zamani ina kilango cha kuzizuia kwa mkono zisishike wakati wa kurudi nyuma. Kifungue ukimaliza, la sivyo utaenda barabarani bila breki za trela.

*Tairi zinalika upande mmoja.* Ekseli imepinda au imefungwa mshazari. Pima kwa utepe kutoka kwenye kikombe hadi kila mwisho wa ekseli ya mbele. Vipimo visipofanana, legeza bolti za springi uinyooshe. Vikifanana, ekseli yenyewe imepinda na inabadilishwa.

*Geji ya joto inapanda ukielekea Timboroa.* Hewa ya juu ni nyembamba na mzigo ni ule ule. Shuka gia moja, punguza mwendo, zima AC, washa hita ya ndani ikiwa inazidi. Isipoteremka, simama injini ikinguruma bila mzigo mpaka ipoe, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.